Mama Mkwe na Herufi za Kooni

Mama mkwe wangu alifika kwetu Musonoi, mtaa wa wachimbaji kando ya Kolwezi, kutoka Kasongo na sanduku la bati, birika lake la chai, na mkeka uliofungwa kwa kamba. Alikuwa amefiwa na mumewe, na mume wangu, kitinda mimba wake, alimsihi aje akae nasi. Mimi nilikuwa bado naizoea nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimelelewa Mkatoliki, binti wa karani mstaafu wa mgodini, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia tangu utoto. Nilipoolewa niliingia dini ya mume wangu kwa hiari yangu, lakini sala za Kiarabu nilizikariri kwa kusikia tu, kama nilivyozikariri zamani nyimbo za Kilatini.

Hazikupita siku nyingi akanisikia nikisali nyuma ya pazia. Alingoja nimalize, kisha akaniita barazani.

"Mama," akaniambia, maana kwetu hata mke kijana huitwa mama, "unasali muzuri. Sauti yako inapendeza. Lakini mu shingo hamuna mutu."

"Namna gani, mama?"

"Maneno yote inatokea ku meno na ku midomo. Kule chini, hakuna mutu anajibu."

Akaweka vidole vyake viwili chini ya taya langu. Vilinukia tangawizi. Akaniambia niseme asali. Nikasema asali, kama ninavyosema sokoni.

"Haina vile." Akaukamata mkono wangu akauweka shingoni mwake mwenyewe, juu ya mtandio, akalisema neno hilo kwa Kiarabu. Chini ya vidole vyangu nilihisi kitu kikikazwa, kama mtu anayekaza fundo la kitenge kiunoni, kisha kikaachiliwa. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na laini kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kuisikia kwa karibu hivyo.

"Ile njo aini," akasema, yaani ndiyo hiyo herufi ya kooni. "Asali yetu ya Kiswahili ilikuwaka nayo. Ilianguka mu njia."

Nilistaajabu. Maneno niliyoyatumia maisha yangu yote, saa, akili, habari, roho, kila moja lilikuwa limeacha nyuma konsonanti yake ya kooni kabla ya kufika kwetu Katanga. Nilimwomba anifundishe. Alicheka, akasema hicho ndicho alichokuwa akingoja nimwambie.

Alifundisha kwa kidole na kwa shingo yake. Chini kabisa, karibu na kifua, zinatoka hamza na he nyepesi, ile ya mtu anayehema. Katikati ya koo zinatoka aini na ha nzito. Juu, karibu na kimio, zinatoka ghaini na kha. Ghaini niliipata kwa kusukutua maji. Ha nzito ilinijia aliponiambia nipulizie kioo kama ninayetaka kukifuta, ila nibane koo kidogo. Kha sikuhitaji kufundishwa. Anayeishi Musonoi wakati wa kiangazi, malori ya madini yakipita na kutupaka vumbi jekundu, huamka na kha kooni.

Aini ilinishinda. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ametufundisha kufungua koo kama mtu anayepiga miayo, ili sauti ipite bila kizuizi. Huyu mama alitaka nilibane pale pale nilipofundishwa kulifungua. Kila nilipojaribu, ama nilikohoa, ama ilitoka irabu tupu.

Alikuwa na maneno matatu ya kunipimia. Amal ikianza na hamza ni tumaini. Ikianza na aini ni kazi. Ikianza na ha nzito ni mwana-kondoo. Aliyatamka moja moja, nami sikio langu la Katanga likasikia kitu kimoja kilichosemwa mara tatu kwa hasira tofauti. Nilipoyarudia, lile la kwanza na la pili yalikuwa mamoja.

"Mama," akasema siku moja, akinimiminia chai, "unasemaka paka tumaini tu, tumaini tu. Kazi iko wapi?"

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Naye akainama mbele akinisikiliza nikikohoa, akasema, "Apo! Apo unakuwa karibu!"

Aliyenisaidia mwishowe alikuwa mbuzi. Mume wangu, fundi wa malori yanayobeba mawe kutoka mgodi wa Mashamba, alimnunua kule Mutshatsha kwa ajili ya Idi, akamfunga nyuma ya jiko. Alikuwa mbuzi wa kulalamika. Kila apitapo mtu alilia, na kilio chake kilianzia ndani sana, kikitetemeka kabla ya kufika mdomoni. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Akainua kichwa.

"Sikia," akasema. "Njo ile. Mufwate."

"Nimufwate mbuzi, mama?"

"Mufwate. Yeye hana haya."

Nikachuchumaa mbele ya mbuzi. Alilia, nikalia. Mama mkwe akaja akachuchumaa kando yangu, mkono wake shingoni mwangu, akiniambia nikaze, nilegeze, nishuke chini kidogo. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mume wangu akarudi kutoka gereji, mafuta yakiwa bado mikononi, akatukuta hivyo.

"Apa mwalimu ni nani?" akauliza.

"Ni mbuzi," akajibu mama yake bila kutabasamu.

Na kweli, jioni ile ile, nikiwa nakoroga bukari, ugali wetu, nikajaribu lile neno la kazi na koo langu likajikaza lenyewe. Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikakimbia barazani kumtamkia mama mkwe. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akanikumbatia na mikono yangu ikiwa imejaa unga, na bukari ikaungua kwa chini, tukaila hivyo hivyo.

Siku ya Idi nilishindwa kumla yule mbuzi. Mama mkwe aliona sahani yangu, akaniwekea kipande cha ini. "Alitumika muzuri," akasema. "Sasa kula." Nikala, huku nimetazama pembeni.

Wanawake wa mtaa walianza kuja. Kwanza majirani waliotuchungulia, kisha dada zao, na wengine wake wa wachimbaji waliotoka mbali, ambao huko kwao walisoma Kurani kidogo wakiwa wadogo wakaacha. Saa za alasiri baraza lilijaa mikeka. Ukipita njiani ungesikia kundi la wanawake likitoa sauti za kooni kwa pamoja, na katikati yake mama mkwe akipiga goti lake kwa kiganja kila aini ilipoteleza.

Baba yangu hakuwa amekanyaga kwangu tangu arusi. Hakunikasirikia. Alikuwa na huzuni tu, kwa sababu tulikuwa tukiimba pamoja kwaya moja, yeye sauti ya nne, mimi ya kwanza, na nafasi yangu ilibaki wazi mbele ya macho yake kila Jumapili. Alikuja mara ya kwanza mchana mmoja baada ya misa, suti yake ikiwa na vumbi la mototaksi, mkononi mkungu mdogo wa ndizi. Akasimama mlangoni mwa ua. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma mbele ya wenzangu.

"Mutoto yangu," akasema kwa sauti ya woga, "nini inakukamata mu shingo?"

Wanawake walijificha nyuso kwa vitenge wakicheka. Mama mkwe aliinuka, akamletea kiti mwenyewe, akamimina chai.

"Karibu, tata," akasema, maana ndivyo kwetu baba anavyoitwa. "Haina ugonjwa. Ni masomo."

Baba alikaa kwenye ncha ya kiti. Alisikiliza kwa heshima kama anavyosikiliza mahubiri. Baada ya muda, mtu wa kwaya aliye ndani yake akamshinda. Akauliza ile sauti inatokea wapi hasa, mbona yeye, aliyeimba sauti ya nne maisha yake yote, haijui. Mama mkwe akamwonyesha shingoni. Baba akajaribu kha, ikamgeukia kikohozi kirefu cha mtu aliyepumua vumbi la mgodi miaka mingi, na wote tukasubiri kiishe.

"Pole, tata. Tuache kha," akasema mama mkwe. "Toa miwani yako. Ipulizie."

Baba akavua miwani, akapulizia kioo, hhh, kama alivyozoea.

"Kaza kidogo mu shingo. Tena."

Akapuliza tena, na ikatoka ha nzito, safi kuliko yangu. Wanawake wakampigia vigelegele. Mama mkwe akapiga makofi. Baba aliishikilia miwani yake hewani, akitutazama kwa macho yasiyoona vizuri, akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nilipomwambia naolewa. Tangu siku ile alikuja kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa akisema anakuja kwa sababu ya chai.

Chini ya mtandio wake mama mkwe alikuwa na rovu, ile tezi ya shingo inayovimba. Alikuwa nayo tangu ujana, ndogo kama limau, na hakuijali. Mwaka ule ilianza kukua. Alimeza kwa shida, na akilala chali alipumua kwa mluzi. Nilipomwambia twende hospitali alisema shingo ni yake na anaijua. Alikubali siku aliposhindwa kumaliza somo, pumzi ikakatika katikati ya neno, na wanawake wakamtazama kwa hofu.

Daktari wa pale mjini Kolwezi alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba tezi lazima itolewe, na kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma yake kabisa.

"Munganga," akauliza mama mkwe, "mushipa ile ikiguswa, aini yangu itabakia?"

Daktari alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Sauti inaweza kubadilika, mama. Mara nyingi inarudia."

"Sikuuliza sauti. Niliuliza aini."

Nilijaribu kumweleza daktari. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa unyoofu kwamba hilo hakufundishwa, lakini atakuwa mwangalifu kadiri awezavyo. Mama mkwe akaridhika na jibu hilo. Njiani aliniambia kwamba mtu asiyejifanya kujua unaweza kumpa shingo yako.

Tezi ilitoka salama. Lakini alipoamka hakuwa na sauti. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Mume wangu alitoka nje, nikamkuta ameegemea ukuta wa hospitali akilia kwa mabega. Daktari alisema mshipa umechoka, huenda utapona, tusubiri. Mama mkwe aliporudi nyumbani alinong'ona tu, na wageni walionong'ona naye bila kukusudia aliwafukuzia mkono, kama kuwaambia wao wazungumze kama watu.

Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikamkuta amekaa kitandani anajipima. Alikuwa akiyanong'ona yale maneno matatu. Nilisikia tumaini. Kisha nikasikia mwana-kondoo. Kisha mwana-kondoo tena. Akarudia tangu mwanzo: tumaini, mwana-kondoo, mwana-kondoo.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho alikuwa amenieleza mara nyingi nisikielewe. Aini na ha nzito zinatoka mahali pamoja, na koo hubanwa vilevile kwa zote mbili. Tofauti yao ni sauti tu. Ha ni pumzi, aini ni pumzi iliyotiwa mtetemo. Yeye koo lake lilijua njia yote, lilikaza pale pale panapotakiwa, lakini mtetemo haukuwepo. Kila aini aliyoitaka ilitoka ikiwa ha. Vivyo hivyo ghaini ilitoka ikiwa kha. Lugha yake yote ya sala ilikuwa imepungukiwa na herufi hizo mbili, naye alizisikia zikikosekana kuliko mtu mwingine yeyote.

Aliniona mlangoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Niliweka uji chini, nikakaa kando yake kitandani. Alianza tena, akanong'ona lile la kwanza. Alipofika la pili akasita, nami nikamsemea. Lile la tatu akalinong'ona mwenyewe. Tukafanya hivyo mara kadhaa, yeye, mimi, yeye, mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha akaonyesha bakuli kwa kidevu, kwamba uji unapoa.

Wanawake walikuwa wameacha kuja kwa kumstahi. Baada ya muda alininong'oneza niwaite.

"Mama, nani atafundisha?"

Akaninyooshea kidole. Nikakataa. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi, aini yangu niliipata kwa mbuzi. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, akashika shingo akiona maumivu. Kisha akanong'ona polepole, ili nisikose hata neno: "Utakuwa shingo yangu. Mi nitakuwa masikio."

Basi nilikaa mahali pake, naye akakaa mbele yangu na kitambaa cheupe kikiwa bado juu ya kidonda. Nilisoma, na yeye aliniongoza kwa kidole shingoni mwake: chini, katikati, juu. Nikikosea alipiga goti. Alinirudisha nyuma kuliko alivyowahi kunirudisha alipokuwa na sauti. Kuna alasiri alinirudishia herufi moja mpaka nikataka kulia, na wanawake wakaanza kunitetea, "Mama, umuachilie, inatosha." Akatikisa kichwa. Niliposema sawasawa alifumba macho, akakaa hivyo kidogo. Wengine walimletea asali, wengine tangawizi, mmoja akamletea kuku. Baba yangu alikuja Jumapili zake kama kawaida. Kwa kuwa mwenyeji wake hakuweza kuongea, yeye aliongea kwa wawili, habari za parokia na nani ameimba vibaya, naye alimsikiliza akitabasamu na kumwongezea chai.

Mvua zilianza zikaendelea. Siku sauti iliporudi, hakuna aliyekuwa akiisubiri. Muuza makala, yale makaa ya kupikia, kutoka Mutshatsha alikuwa amesimama uani na baiskeli yake. Mama mkwe alifungua gunia, akaingiza mkono, akakuta makala juu na udongo chini.

"Hii ni bulongo!" akasema. "Unaniuzisha bulongo?"

Muuza makala akaanza kujitetea, lakini mimi niliyekuwa nikianika nguo nilikuwa nimeshaganda na shati la mume wangu mkononi. Ilikuwa sauti. Nene, yenye mikwaruzo, kama ya mwanaume aliyeamka sasa hivi, lakini sauti. Yeye mwenyewe alikuwa bado anatikisa gunia kwa hasira. Kisha akasikia alichofanya. Akaliachia gunia, akaweka vidole viwili shingoni na kufumba macho, akajaribu.

Aini ilitoka. Haikutoka yote, ilipasuka katikati, lakini ilikuwa na mtetemo.

"Mama!" nikapiga kelele, nikamkimbilia, tukashikana mikono tukizunguka pale uani kama watoto. Muuza makala, asijue kilichotokea, akasema kwa haraka kwamba kweli gunia lina kasoro, yuko tayari kutuletea lingine. Mama mkwe akamwambia aketi kwanza anywe chai.

Ile sauti yake ya zamani haikurudi. Aliyopata ilikuwa nzito, ya chini, na ilichoka upesi. Aini ilikomaa tena ndani yake, ha na kha hazikuwa zimemwacha, lakini ghaini ilibaki na kasoro, mara inatoka, mara inageuka kha. Hilo lilimuudhi sana mwanzoni. Baadaye alisema labda Mungu anaijua nia yake hata koo likiwa na uvivu. Lakini kwetu sisi hakulegeza. Ghaini zetu alizidai zote.

Sasa yuko Kasongo. Binti yake wa huko alijifungua mapacha akahitaji msaada, naye akafunga mkeka wake akaenda, akisema atakaa kidogo. Amekaa. Baraza liliachwa mikononi mwangu, na wanafunzi wameongezeka. Alasiri, mtandao ukiwa mzuri, tunaiweka simu katikati ya mkeka, sauti juu, naye anasikiliza kutoka kule. Simu haizipendi herufi za kooni. Aini inafika imepungua, ha inafanana na upepo, na lori likipita barabarani hatusikii kitu kabisa. Hata hivyo anajua. Yupo mwanamke mmoja anayekaa nyuma kabisa na kujificha katika sauti za wenzake. Juzi tulipomaliza, simu ikasema, "Ule mama wa nyuma, arudilie peke yake," na yule mama akashika kifua kwa mshangao.

Wanawake waliojiunga karibuni hawakuwahi kumsikia kabla ya upasuaji. Wanaijua sauti hii tu, nene, yenye mikwaruzo, inayotoka ndani ya simu. Wanaipenda, na wengine huiiga wakidhani ndivyo Kiarabu kinavyotakiwa kuwa. Nimewaambia kwamba zamani sauti yake ilikuwa nyembamba na angavu, kwamba aini yake ilipita laini kiasi cha kukufanya uache ulilokuwa ukifanya. Wananisikiliza kwa adabu, lakini naona hawaniamini. Basi ninawaacha waige. Nikirekebisha, narekebisha mahali pa herufi, ile mikwaruzo siigusi.